Kabla dari halijafungwa, ulizia maungio ya nyaya

Wazazi wengi wanaojenga hapa Dodoma, iwe Ilazo, Nkuhungu au Nala, ni wakali kwa fundi wa tofali na wa vigae. Fundi umeme akipanda juu ya dari, hakuna anayemfuata. Huko juu ndiko nyaya zinakoungwa, na chini yake ndipo watoto wanapolala.

Baadhi ya mafundi siku hizi wanatumia vikofia vya plastiki vya kusokota. Nyaya zinamenywa, zinalazwa pamoja, kikofia kinavishwa na kuzungushwa mpaka kibane. Ni salama? Ndiyo, kama kina springi ya chuma ndani na ukubwa wake unalingana na nyaya. Marekani na Kanada nyumba nyingi zimeungwa hivyo kwa miaka mingi. Sisi tulirithi mtindo wa Kiingereza, ndiyo maana mafundi wetu wamezoea konekta za skrubu. Vyote vinafaa, mradi vikae ndani ya boksi lenye mfuniko, si kufukiwa kwenye plasta.

Kinachonitia hofu ni nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, basi. Joto la bati la mchana hulegeza gundi ya tepu, na kiungo kilicholegea hupata moto umeme mwingi unapopita. Kwa taa tu huenda usijue. Washa pasi au jiko la umeme, hapo ndipo kazi inapoanza. Wengi hudhani sakiti breka itakata. Breka hukata umeme ukizidi kiwango, au nyaya zikigusana. Kiungo kilicholegea kinaweza kuungua huku umeme ukiwa wa kawaida kabisa, na breka imetulia.

Kwa hiyo ukiona taa zinafifia kila pasi ikiwashwa, soketi ina joto, au unasikia harufu ya plastiki inayoungua, zima meni swichi na uite fundi mwenye leseni ya EWURA. (Shemeji anayejua-jua umeme asubiri.) Akimaliza kufunga, umeme ukiwa bado umezimwa, mwombe avute waya mmoja mmoja, wa kuchomoka uchomokee mkononi mwake. Piga picha kila boksi kabla dari halijafungwa, simu hiyo hiyo unayosomea inatosha.

Moto wa umeme usiumwagie maji. Toa watoto nje, piga Zimamoto 114.