Mwalimu naye ana wa kumpeleka

UBAO NA CHAKI
Na Mwalimu Tausi Kibwana

Kila Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, redio huanza kutukumbusha wajibu. Mkuu wa wilaya anawataka wazazi wahakikishe watoto wameripoti siku ya kwanza. Baada yake ofisa elimu anawataka walimu wawe vituoni siku hiyo hiyo, tena mapema. Nyumbani kwangu matangazo yote mawili yananihusu mimi, nikiwa napiga pasi kaptula ya bluu ambayo haifiki shibiri mbili.

Wanaotangaza hawana kosa. Tatizo ni kwamba wanawafikiria wazazi kuwa watu wa upande mmoja wa geti, na walimu watu wa upande wa pili. Mwalimu mwenye mtoto anayeanza darasa la kwanza ametakiwa kusimama pande zote mbili saa moja na nusu asubuhi, katika shule mbili tofauti.

Kwa asiyewahi kupokea darasa la kwanza, niseme kidogo kazi yenyewe. Siku hiyo hufundishi, unapokea watu. Kuna mama mwenye cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nane, na baba asiye nacho anayeapa atakileta kesho. Kuna mtoto aliyeshika kanga ya bibi yake hadi vidole vimekakamaa. Kuna anayeitwa jina lake la kwenye orodha mara nne asiitike, maana nyumbani tangu azaliwe anaitwa Babu. Waliopitia darasa la awali wamekuwa wenyeji tayari na wanawaonyesha wageni choo kilipo, wakati mwingine kwa kuwasukuma. Ikigonga kengele ya mapumziko lazima usimame mlangoni, kwa sababu hakosi mmoja atakayebeba mkoba wake na kuanza safari ya kwenda nyumbani akiamini shule imekwisha. Ukiwa mwalimu wa zamu ulishafika tangu saa kumi na mbili na nusu, wako akiwa bado kitandani.

Na wako yuko wapi sasa? Yuko kwenye geti la shule nyingine na dada wa kazi, au amepakatwa kwenye bodaboda na mjomba asiyejua hata darasa lina mikondo mingapi. Mwalimu wa kule, aliyechoka kama mimi, anauliza swali lile lile ninalowauliza wengine huku: "Mzazi wa huyu yuko wapi?" Vikao vya wazazi tunavifungua kwa kulalamika kwamba watu wametuachia watoto. Baadhi ya hao watu wameshika chaki shule ya jirani.

Utaniambia nimwandikishe pale ninapofundisha. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa wengine inafaa sana. Lakini si kila mwalimu anakaa karibu na kituo chake. Nyumba za walimu ni chache, na anayepanda daladala mbili alfajiri hawezi kumkokota mtoto wa miaka sita kila siku ya mwaka. Halafu kuna mtihani wa kuwa mtoto wa mwalimu. Anaambiwa getini kwamba kuanzia hapa mimi ni mwalimu, "mama" tutarudi nayo jioni. Akipata yote, wenzake wanasema amependelewa. Akinyoosha mkono, mama yake anamruka kwa makusudi ili asisemwe, na mtoto analiona hilo mapema kuliko tunavyodhani. (Wale wanaowapeleka wanao shule za Inglishi midiamu, basi likiwapitia kabla jua halijachomoza, husimangwa kuwa hawaamini chakula wanachopika wenyewe. Mjadala huo una wiki yake.)

Nimeipitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama akijifungua anapewa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapata zisizopungua tatu. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku kwa ajili ya mtoto. Mtoto akiugua au akifariki, kuna siku nne za ruhusa yenye malipo. Sheria inamwona mtoto anapozaliwa, anaponyonya, anapougua na anapozikwa. Anapoanza shule haimwoni. Karani wa benki anaweza kuomba likizo yake ya mwaka iangukie wiki hiyo. Mwalimu hawezi, kwa sababu likizo yake hufuata likizo ya shule, na siku ambayo mwanawe anaanza ndiyo siku ambayo yake imekwisha.

Kinachobaki ni hisani. Unamfuata mwalimu mkuu faragha, unajieleza kwa sauti ya mtu anayekopa, na jibu linategemea ameamkaje. Nawajua walimu wakuu wenye roho nzuri. Lakini ruhusa inayotegemea roho ya mtu ina ubaguzi ndani yake hata kama mtoaji hakukusudia: anayejua kuomba anapata, mgeni aliyehamishiwa kituoni mwezi uliopita ananyamaza.

Mwalimu mkuu naye ana hoja, tena nzito. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu wa darasa la kwanza mjini akihesabu akafika 45 anajua orodha bado inaendelea. Ukimtoa mmoja asubuhi hiyo, mwenzake anaelemewa.

Ni kweli kwa darasa la awali na la kwanza. Kwa madarasa mengine tuambiane ukweli. Siku ya kwanza katika shule nyingi za serikali ni siku ya ufagio na fyekeo. Robo ya darasa la tano bado iko kijijini kwa bibi, azimio la kazi linatafutwa, na mwalimu wa Hisabati anasimamia kung'oa majani nyuma ya choo. Anaweza kabisa kumpisha wa darasa la kwanza, akapokea yeye hadi saa nne. Kuandika majina na kuonyesha choo hakuhitaji stadi za KKK.

Kitaifa ningependa zaidi ya hapo. Berlin, kule Ujerumani, watoto wa darasa la kwanza hupokewa Jumamosi, wenzao wa madarasa ya juu wakiwa wameshaanza masomo wiki hiyo, na familia nzima huja. Si lazima tuige Jumamosi yao. Kwa wengine wetu hiyo ni siku ya soko na ya harusi. Kilichonivutia ni kumtenga anayeanza na mkumbo wa wanaorudi. Kwetu ingetosha darasa la kwanza kuripoti Jumatano, nusu ya majina siku hiyo na nusu kesho yake. Mwalimu ambaye mwanawe yuko kundi la Jumatano angejua wiki mbili kabla, na mwenzake angejua anashika zamu ya nani. Gharama yake ni karatasi moja ya ratiba.

Haya ya kitaifa yana wenyewe huko wizarani na TAMISEMI, na yakianza kujadiliwa leo mtoto wangu atakuwa amemaliza la sita. Kikao cha walimu cha kabla ya kufungua shule kipo kila kituo, tena kina ajenda na mwandishi wa muhtasari. Mwalimu mkuu aongeze swali moja kabla ya mengineyo: nani kati yetu ana mtoto anayeanza? Na aanze kuuliza upande waliokaa walimu wa kiume.