Muziki Nao Una Kazi ya Kalamu

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi kidogo katika gazeti letu nijibu swali nililoulizwa na mzazi mmoja muhula uliopita. Alisema, "Mwalimu, miaka minne yote Marekani ulikuwa ukijifunza kuimba tu?" Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Sikumjibu.

Katika vyuo vingi vya huko, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aweza kuandika tasnifu ili shahada yake iwe na sifa zaidi. Halazimishwi. Akikubali hupewa mwalimu wa kumwongoza, hufanya kazi karibu mwaka mzima, kisha huhojiwa na walimu kadha wa kadha. Asomaye muziki aweza kutunga, au kuchunguza jambo na kuliandika. Mimi nilichagua nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri.

Niliona kazi ni nyepesi. Nilisikiliza, nikahesabu beti, nikaandika noti (nazo zilinitesa, maana sauti ya taarab haikubali kutulia katika mistari ile mitano). Kufika Desemba nilikuwa na sura nzima isemayo kwamba nyimbo za Siti zilikuwa fupi, dakika tatu hivi. Mwalimu wangu aliandika pembeni: "Nani amekwambia?" Nilikasirika sana. Si santuri zenyewe?

Nikampigia simu bibi yangu Unguja, nikamwimbia ubeti mmoja. Akaupokea, akaendelea na wa pili, wa tatu, na mwingine nisiopata kuusikia hata siku moja. Akasema, "Mjukuu wangu, mama yangu alikuwa akinambia watu walikesha. Nani angevaa buibui akasikilize dakika tatu?" Hapo nikakumbuka jambo nililolijua tangu zamani: upande mmoja wa santuri za siku zile huchukua dakika tatu au zaidi kidogo, basi. Nilikuwa nimepima santuri, sikupima wimbo.

Sura ile niliitupa. Nilianza upya Februari, theluji nje, na wenzangu wasioandika tasnifu wamelala. Mara mbili nilikwenda mpaka mlangoni kwa mwalimu kumwambia naacha.

Nashukuru sikubisha hodi. Tasnifu ile haikuniongezea hata senti katika mshahara, lakini nisingeiandika ningefundisha watoto wenu uwongo huku nikiamini ni kweli. Kwa hiyo nasema, kijana wa muziki akipata nafasi kama ile asiikatae. Nanyi wazazi, mtoto akitaka kusoma muziki, msimwulize ataimba nini tu. Mwulizeni pia atachunguza nini.

Nakala moja nilimpelekea bibi. Hajui Kiingereza, akataka nimsomee beti peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeacha mmoja. Nilitazama. Kweli haumo.