Tukisha Acha Kazi Tutakaa Wapi?



Ofisi ya tawi letu hapa Mombasa hupata wageni wa namna moja kila mwisho wa mwezi. Ni wazee wenzetu, waliokuwa pamoja nasi kazini jana, na leo wanakuja na bahasha mkononi. Wengine huuliza kiinua mgongo chao kimefika wapi. Wengine wamekwisha kukipokea, na swali lao ni gumu zaidi: "Sasa nikakae wapi?" Tumelisikia swali hilo mara nyingi, na karibu kila mara limekuja kwa kuchelewa. Kwa hiyo leo tunawaandikia wale ambao bado wana miaka mitano, kumi au kumi na mitano ya kuingia zamu.

Maoni yetu tunayasema mwanzo, ili asiye na nafasi ya kusoma yote apate neno lenyewe. Mji wa kuzeekea huchaguliwa wakati mshahara bado unaingia, na mtu hukaa hapo kwanza kwa kupanga kabla ya kununua. Anayengoja mpaka siku ya kupewa fedha zake, dalali ndiye atakayemchagulia mji.

Zamani jibu la swali hili lilikuwa tayari, wala hatukuulizwa. Katika enzi ya ukoloni mfanya kazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini. Alilipwa mshahara wa mtu asiye na mke. Mkewe, watoto wake na uzee wake viliachiwa shamba la rizavu, na nguvu zikimwisha alitakiwa kurudi huko. Wazee wetu waliogoma hapa Mombasa mwezi wa Januari 1947 waliupinga ujira huo. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bw. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa mjini yapasa umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilianzisha Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ili mfanya kazi asifike uzeeni mikono mitupu. Basi mtu asituambie kwamba kuchagua mahali pa kuzeekea ni mambo ya matajiri. Haki hiyo ilipiganiwa na watu kama sisi.

Lakini tusidanganyane juu ya fedha. Kwa miaka mingi, mpaka Februari 2023, wengi wetu tulikatwa Sh. 200 kwa mwezi kwa ajili ya NSSF, na mwajiri akatia Sh. 200. Hizo ni Sh. 400. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka 30, utapata Sh. 144,000 kabla ya faida. Tangu 2023 makato ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwetu na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, mpaka kiwango kilichowekwa. Hiyo itawafaa vijana. Mzee anayeondoka karibuni hakupata muda wa kutosha. Hata akiongeza kiinua mgongo na akiba yake ya ushirika, fungu hilo litatakiwa limlishe yeye na mkewe pengine miaka ishirini. Na Sh. 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee walioandikishwa katika Inua Jamii zinaanza kwa mtu wa miaka 70. Anayeacha kazi na miaka 60 ana miaka kumi ya kuvuka peke yake.

Ndiyo maana jambo la mji ni jambo la hesabu. Kubaki Mombasa ni kulipa kodi ya nyumba kila mwezi, na huku mshahara umekwisha. Kurudi kwa baba kulikuwa jibu zuri kwa wengi, lakini wengine wamekuta shamba limegawanywa mara mbili au tatu, na hospitali iko mbali. Katikati ya hayo mawili upo mji mdogo, penye soko, hospitali na barabara, ambapo mtu aweza kufuga kuku na kupanda sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Tuchukue Voi kwa mfano, maana wengi wenu huupita mkienda bara. Ni kilomita 150 hivi kutoka hapa. Mji uko kwenye njia kuu ya Nairobi, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Taveta na Tanzania. Treni ya abiria ya reli mpya iliyoanza mwaka 2017, ile isimamayo vituo vya njiani, husimama Voi. Kwa hiyo mtoto aliye Mombasa au Nairobi aweza kuja kumtazama mzazi wake na kuwahi kazini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini penyewe. Mboga hushuka kutoka vilima vya Taita na ndizi hutoka Taveta.

Hizo ni faida, na hasara pia zipo. Voi ni joto na mvua yake ni haba, basi mwenye ndoto ya magunia ya mahindi afikiri tena. Tembo hutoka katika mbuga ya Tsavo na kuingia mashambani, na wamepata kuua watu. Bomba kubwa linaloleta maji ya Mzima hapa Mombasa hupita upande huo, lakini kupita kwa bomba si kufika kwa maji nyumbani. Waulize majirani, usimwulize mwenye kuuza: mfereji hutoa maji siku ngapi kwa juma? Na usipotoa, mtungi wa lita 20 ni bei gani?

Hatusemi wote tuhamie Voi. Mwingine atapenda Kilifi au Malindi kwa upepo wa bahari, lakini ajue kwamba karibu na ufuko atashindana bei na wenye mahoteli. Mwingine atapenda Taveta, penye chemchemi na soko kubwa la Jumatano na Jumamosi. Mwingine atatafuta mji ulio karibu na kwao, Magharibi au Nyanza au Ukambani. Popote aendapo, mambo ya kutazama ni yale yale.

La kwanza ni hospitali. Wengi wetu tutazeeka na presha au sukari, na magonjwa hayo hutaka kliniki kila mwezi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF imekwisha na mahali pake ni SHA. Kazini tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila kuuliza. Ukisha acha kazi hakuna wa kukukatia. Wajibu ni wako mwenyewe, na kima cha chini ni Sh. 300 kwa mwezi. Tia fedha hizo katika hesabu yako. Kisha nenda kwenye hospitali ya mji unaoutaka siku ya kliniki, ukae kwenye benchi pamoja na wagonjwa, uone kama wanapewa dawa au wanatumwa kwenda kununua dukani.

La pili ni miguu. Kiwanja cha bei rahisi kilicho kilomita nane kutoka barabarani hulipiwa kila siku kwa bodaboda. Jiulize kama utaweza kufika sokoni, na kanisani au msikitini, siku ambayo goti linauma.

La tatu ni watu. Ukiugua usiku, nani atagonga mlango wako asubuhi? Uliza kama mtaa una chama cha kuzikana, na kama mgeni hupokewa humo.

La nne ni ardhi, na hapa ndipo wengi wameumia. Tuna ndugu wawili ambao majina yao hatuyataji.

Ndugu wa kwanza alifanya kazi miaka 31. Fedha zake ziliingia benki siku ya Ijumaa. Jumamosi dalali alimpakia garini pamoja na wengine, wakapewa chakula cha mchana, wakaonyeshwa bikoni zilizopakwa chokaa. Alilipa siku ile ile, akapewa cheti cha hisa. Akaanza nyumba ya vyumba vinne, kwani aliona haya kujenga viwili baada ya miaka yote ya Mombasa. Fedha zikaisha ukuta ulipofika kwenye linta. Mwaka wa tatu akaja mtu mwingine mwenye hati ya kiwanja hicho hicho. Leo ndugu yetu ana miaka 64, na usiku analinda godauni Changamwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike habari hii.

Ndugu wa pili alianza miaka minne kabla ya kuacha kazi. Kila likizo yeye na mkewe walipanga chumba katika mji mmoja, wakakaa humo kama watu wa hapo. Mji wa kwanza waliuacha kwa shida ya maji. Wa pili mkewe aliukataa, kwa kuwa mwezi mzima hakuna mwanamke hata mmoja aliyemsalimu sokoni. Wa tatu wakaupenda. Walinunua kiwanja kidogo kwa mkopo wa ushirika na kuumaliza kabla ya siku yake ya mwisho kazini. Nyumba ni vyumba viwili na tangi la maji. Kiinua mgongo chake hakikuguswa na matofali, na mpaka sasa ndicho kinachomlisha.

Tofauti ya ndugu hawa si bahati wala mshahara, maana walikuwa daraja moja. Mmoja alikuwa na wakati na mwingine hakuwa nao.

Basi shikeni haya. Cheti cha hisa si hati ya ardhi. Usitoe hata senti kabla ya kwenda mwenyewe ofisi ya ardhi na kukagua daftari kuona kiwanja ni cha nani na kama kina deni. Kama ni shamba la kulima, lazima ipatikane idhini ya Bodi ya Ardhi. Sisi wa Pwani tunaijua vizuri habari ya nyumba bila ardhi: ukuta ni wako, mchanga ni wa mwingine, na kila mwezi unalipa. Usiende kuanza maisha hayo upya ukiwa na miaka 60. Na wale walio katika mipango ya pensheni ya kazini wajue kwamba tangu mwaka 2020 kanuni huruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi kabla ya kustaafu. Waulizeni wadhamini wenu masharti yake, lakini kumbukeni kwamba kilichotolewa leo hakitakuwapo kesho.

Neno moja kwa waume. Msiwaletee wake zenu habari ya mji mpya kama amri ya msimamizi. Sheria ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. Na mbali na sheria, mara nyingi mume ndiye atanguliaye kufa. Mji unaouchagua leo pengine ni mji ambao mke wako atabaki peke yake. Na jina lake liwe ndani ya hati.

Tunajua wazee wengine watatupinga. Watasema mtu ni kwao, na kufia ugenini ni aibu. Hatuwadharau. Wengi wetu tungependa kulazwa karibu na baba zetu, na jambo hilo lizungumzwe na watoto mapema, wazi, ili kusiwe na ugomvi juu ya jeneza. Lakini mazishi ni ya siku moja, na miaka ya kununua dawa na kuteka maji ni mingi. Mtu aweza kukaa mji wenye hospitali na bado akawa mtoto wa kwao.

Chama nacho kina kazi yake. Katika mapatano yajayo na waajiri tunataka mambo mawili. Kwanza, kiinua mgongo kilipwe siku ya mwisho ya kazi. Mzee anayezungushwa miezi minane huingia kwenye madeni, na fedha zikija zina wenyewe. Pili, kila mfanya kazi apewe taarifa ya siku yake ya mwisho miaka miwili mbele, pamoja na siku za ruhusa za kwenda kutazama mahali atakapokaa. Tunajua waajiri watasema hayo ni gharama. Tutawajibu kwamba mtu aliyewapa miaka thelathini anastahili kuondoka akijua njia yake.

Jambo hili litaletwa katika mkutano mkuu wa tawi. Tunaomba safari hii wake na waume wa wanachama waje pia. Na ninyi wazee wetu mliokwisha hamia Voi, Taveta, Malindi au kwingineko, tuleteeni barua. Tuambieni habari za maji, hospitali, nauli na majirani, mazuri na mabaya. Tutazipiga chapa hapa hapa, ili aliye bado kazini asiende kuuliza kwa dalali.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi