Hija Iliyo Jirani

Wengi wetu hutamani safari za mbali: Santiago de Compostela huko Hispania, au Guadalupe huko Mexico. Ni matamanio mema. Lakini hapa Majimoto tujiulize: ni wangapi kati yetu wamekwisha kufika Karema?

Pale, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianzisha ngome mwaka 1879. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, nayo ikawa misioni. Watoto wetu watayajua hayo wapi, tusipowapeleka?

Hata Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, tunaipita ndani ya basi tukisinzia. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama viboko wakisongamana katika madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Sisi majirani yatupasa kuona zaidi. Maji hayo, yakiisha kuvuka hifadhi, huitwa Kavuu, nayo hushuka bondeni kwetu hadi Ziwa Rukwa. Walio juu wakiyazuia kwa mashamba ya mpunga, hutaabika viboko, kisha sisi. Nasi tukiyazuia, huumia walio chini yetu.

Safari haipimwi kwa umbali, bali kwa kile turudicho nacho. Jumuiya zetu ndogondogo zichange nauli, wazee na vijana waende pamoja. Aijuaye nchi yake huona uchungu inapokauka. Asiyeijua huipita amelala.