Methali na Kisa Chake

BARAZA YA IJUMAA
Na Salim Mwinyimkuu

Waarabu, wakimwona mtu aliyetoka kutafuta riziki akarejea mikono mitupu, husema amerudi na viatu viwili vya Hunayn. Na msikilizaji asiyepata kumjua Hunayn atauliza, na ana haki ya kuuliza, huyo aliyerudi na viatu amekosa nini?

Al-Maydani, mwanachuoni wa Nishapur aliyefariki mwaka 1124, hakuridhika kuziandika methali akazipita, bali alizifuatishia hadithi zake, na ya Hunayn ni hii: kwamba alikuwa fundi viatu wa mji wa al-Hira, akavutana bei na bedui mmoja hata akaghadhibika, na bedui alipoondoka bila ya kununua, fundi akamtangulia njiani, akatupa kiatu kimoja hapa na cha pili mbele zaidi, kisha akajificha. Bedui alikiona cha kwanza, akasema lau kingalikuwa na mwenziwe angalikichukua, akakipita. Alipofikia cha pili alijuta, akamwacha ngamia na shehena yake, akarudi kwa miguu kukifuata kile cha kwanza, na papo hapo Hunayn akatoka mafichoni akamswaga ngamia na vyote alivyobeba. Jamaa za bedui walipomwuliza amewaletea nini kutoka safarini, hakuwa na la kuonyesha ila viatu. (Mimi naona ghadhabu ya fundi ilipita kiasi kwa biashara ya jozi moja.)

Erasmus wa Rotterdam naye, ambaye methali alizozikusanya kutoka kwa Wayunani na Warumi zilipita 3,000 katika chapa ya Venice ya mwaka 1508, hakusifika kwa wingi wake. Ile isemayo kwamba vita ni vitamu kwa asiyevionja aliipanua, katika chapa ya 1515, ikawa makala nzima ya kuwalaumu wafalme wa Kikristo wa zama zake.

Nasi vitabu tunavyowapa watoto ni orodha tupu. Mtihani huandika "Mwenda tezi na omo", mwanafunzi hujibu "marejeo ni ngamani", akapata alama yake, ilhali hajapata kukanyaga jahazi wala kuelezwa sababu ya baharia kurejea huko. Rai yangu ni kuwa walimu wapunguze idadi, methali thelathini kwa mwaka zatosha, na kila moja isomeshwe pamoja na aliyeisema, aliyeambiwa, na lililokuwa baina yao. Na kama kisa hakimo vitabuni, manahodha wa Lamu na Pemba wapo, waulizwe.