Poka, mori na kodi ya nyumba

Niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, lakini hiyo itangoja, kwa sababu Ijumaa iliyopita nilipoteza nusu ya kodi ya nyumba.

Hapa Eldoret wengi wanajua zaidi kubashiri mpira na ile ndege ya Aviator kuliko poka. Sisi ni watu watano, hukutana Kapsoya, kila mtu na shilingi 500 zake, chai na karata. Usiku huo nilishika karata kubwa kuliko zote, asi mbili. Jirani yangu alikuwa na kingi mbili. Tukasukuma chipu zote katikati (za plastiki, si za viazi), kisha kingi ya tatu ikatokea mezani.

Nimesomea kompyuta, hesabu hiyo naijua: asi mbili huzishinda kingi mbili karibu mara nne kati ya tano. Ile ya tano lazima imwangukie mtu. Nilijua, na bado mori ukanipanda. Nikatuma 500 nyingine kwa M-Pesa, halafu 1,000, halafu 2,000, nikicheza karata ambazo siku nyingine ningezitupa bila kufikiri.

Utaambiwa upumue, utulie. Mimi siamini dawa hiyo. Aliyepandwa na mori ndiye wa mwisho kujua kwamba umempanda.

Januari 2017, programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 ya poka dhidi ya wataalamu wanne mjini Pittsburgh, ikawashinda wote. Wengi husifu hesabu zake. Mimi kilichonivutia ni kwamba udhaifu ambao wapinzani waliugundua mchana, ilikuwa ikiuziba usiku, mchezo ukiwa umesimama. Na ikipoteza mkono, unaofuata inaucheza kama kwamba hakuna kilichotokea. Binadamu hawezi hilo, basi sheria zake azitunge kabla ya kuketi, tena aziweke mahali asipozifikia.

Zamani pesa zikikuishia mezani ulilazimika kutoka nje kutafuta mashine ya benki, na baridi ya Eldoret usiku mnaijua. Njiani akili inarudi. Siku hizi kati ya hasira na akiba yako kuna tarakimu nne tu za namba ya siri. Wenzangu mnaounda programu za kamari: mteja akipunguza kikomo chake, kipungue papo hapo, akitaka kukiongeza, angoje saa 24. Ni mistari michache tu ya programu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiandika.

Ijumaa hii nakwenda na noti moja ya 500, simu inabaki nyumbani kwa dada yangu. Anayetunza chipu nimemwomba asinikopeshe hata nikilia. Mwenye nyumba amenipa hadi tarehe 15. Sijamwambia sababu.