Kuweka implanti ni nusu ya kazi. Na kuitoa?



Katika gazeti hili tunasoma kila mara juu ya mbegu, bei na ghala. Leo tunaomba nafasi kwa jambo ambalo wengine watasema ni la wamama peke yao. Sisi tunaona ni la koperative nzima, kwa sababu mikono inayochagua kahawa na kupalilia maharagi ndiyo hiyo hiyo yenye implanti ndani.

Kuwekewa implanti kumekuwa rahisi vijijini kwetu. Timu ya kampeni inafika na gari, inakaa siku mbili tatu, bila malipo. Hiyo ni kazi nzuri na hatuipingi. Mama anayezaa kwa nafasi yuko na nguvu ya kulima, na watoto wake wanasoma. Lakini gari ikisharudi mjini, mama anabaki na nani? Akienda kwenye santa ya afya na kusema "Nataka munitoshee hii kitu", anapata majibu tunayoyajua sisi wote: Miaka yako haijaisha. Lete kwanza bwana yako. Muuguzi aliyesomea kuitoa alihamishwa. Dawa ya ganzi imeisha, nunua wewe. Anarudi nyumbani na implanti yake. Na wengine wanafikia kumuomba mtu asiyejua kazi awakate na wembe, kiisha mkono unatunga usaha.

Tuseme wazi mambo yalivyo. Jadelle ni vijiti 2, inafanya kazi miaka 5. Implanon NXT ni kijiti 1, angalau miaka 3. Hiyo miaka ni muda wa dawa, si kifungo cha gereza. Mama anaweza kuomba itolewe wakati wowote: kwa sababu anataka mtoto, kwa sababu damu inatoka bila mpango, kwa sababu kichwa kinamuuma, ao kwa sababu amebadili mawazo tu. Muuguzi aliyefundishwa anachoma ganzi, anapasua kidogo sana, anavuta kijiti, anafunga bandeji. Mara nyingi ni dakika chache. Baada ya hapo bandeji isilowe, na mkono usibebe mzigo mzito kwa siku chache, jembe lingojee. Asiyetaka mimba bado anaweza kuwekewa ingine siku hiyo hiyo. Anayetaka mtoto ajue kwamba uzazi unarudi haraka, tofauti na sindano ya miezi mitatu ambayo inaweza kuchelewesha. Na kama kijiti hakisikiki kwa vidole, muuguzi asichimbe-chimbe: amtume mama hospitali kubwa kwenye ekografi.

Juu ya bwana: sheria ya afya ya inchi yetu, ya tarehe 13 Desemba 2018, inaomba wenye ndoa wapatane juu ya njia ya kupanga uzazi. Lakini wasipopatana, mapenzi ya yule anayehusika ndiyo yanashinda. Wababa, tunasema na ninyi pia. Kuzungumza nyumbani ni vizuri kabisa. Lakini mama kufukuzwa mlangoni mwa santa kwa sababu hakuja na ninyi, hiyo si mazungumzo.

Kuna wauguzi wanaosema: "Tukitoa mapema, dawa ya bure inapotea bure." Tunaelewa uchungu wao, wanafanya kazi na vifaa vichache, na wengine bila mshahara wa kueleweka. Lakini waangalie kijijini. Mama mmoja akikataliwa kutolewa, jirani zake kumi wanasikia, na kampeni ikirudi hawapangi mstari tena. Sisi wakulima tunajua hiyo: agronome akigawa mbegu mpya na kupotea wakati ugonjwa umeingia shambani, musimu unaofuata nani atapokea mbegu yake? Anayejua kwamba mlango wa kutoka uko wazi ndiye anayeingia bila woga.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanamemba wetu walio katika CODESA walete swali hili kwenye mkutano wa eneo la afya: nani hapa anajua kutoa implanti, siku gani yuko, na vifaa viko? Jibu liandikwe na libandikwe mlangoni mwa santa. Pili, kila timu ya kampeni inayoomba uwanja wetu ao ghala yetu kwa kazi, tuiulize kabla ya kuifungulia: mukienda, nani atatoa? Ikiwa haina jibu, imfundishe kwanza muuguzi wa hapa. Tatu, kasa ya mshikamano ikubali kumkopesha mama pesa ya njia kwenda hospitali kubwa, sawa vile inavyokopesha kwa kuzaa na kwa malaria, bila kumuhoji mbele ya watu.

Hakuna hata moja linalohitaji mradi mpya. CODESA iko, ghala ni yetu, kasa ni yetu. Mkutano mkuu unaokuja, tuliweke kwenye orodha pamoja na bei ya kahawa, na wababa wasitoke inje likifikiwa.